Viungo 3,000 kwa dola 15, na mkopo wa shangazi

Leo sina habari za rununu mpya wala lugha mpya ya programu. Leo naungama. Machi 2022 nilinunua viungo 3,000 kwa dola 15, nikajiona mjanja kama aliyepata koti zuri la mitumba jioni soko likifungwa. Kabla ya mwaka kwisha, akiba ya mama yangu mzazi ilikuwa karibu kuchukuliwa na sacco kwa sababu ya viungo hivyo. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta. Nalitaja hilo mapema msije mkanitetea kwamba labda sikufundishwa. Nilifundishwa, tena somo lenyewe nilipata A.

Kwa wale wasiojua: kiungo ni yale maneno kwenye ukurasa wa wavuti ambayo ukiyabofya yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Tovuti ya mtu mwingine ikiweka kiungo kinachoelekea kwako, Google hukichukua kama ishara kwamba kuna mtu anayekujali. Ndiyo maana watu wanaofanya SEO, yaani kazi ya kuisaidia tovuti ionekane mapema mtu anapotafuta kitu, hukimbizana na viungo jinsi wanasiasa wanavyokimbizana na kura. Wengine husema tafuta vingi. Wengine husema tafuta vizuri. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza, na sikujua.

Haya, tuanze na shangazi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anaishi nje kidogo ya Nakuru, upande wa kuelekea Njoro. Amekuwa akitotolesha vifaranga wa kienyeji tangu nikiwa shule ya msingi. Alianza na kuku wenyewe kuatamia, akaja akanunua mashine ya mayai 96, kisha ya mayai 528. Mwaka 2021 biashara ilikuwa imelegea kwa sababu ya corona, akanipigia simu: "Wewe si ulisomea tarakilishi? Hebu nitafutie wateja humo ndani." Humo ndani ni kwenye intaneti. Nikamjengea tovuti ya kurasa sita, na picha nilizopiga kwa simu, bei, ratiba ya chanjo na namba yake ya WhatsApp. Sikumtoza hata senti. Alinipa jogoo wawili, na mmoja alinitoroka kwenye matatu pale Gilgil, lakini hicho ni kisa cha siku nyingine.

Tovuti ilikuwa nzuri, nitasema hivyo bila haya. Tatizo ni kwamba ukitafuta vifaranga Nakuru kwenye Google ulikuwa unaikuta ukurasa wa nne. Ni nani anayefika ukurasa wa nne? Ni kama kufungua duka nyuma ya soko, ukishapita vyoo. Kila Jumapili shangazi alinipigia. "Mwanangu, simu haijalia." Wiki hiyo. Wiki iliyofuata. Mimi nina kazi ya kuajiriwa Nairobi, mradi una tarehe ya mwisho, na kila Jumapili ni "mwanangu, simu haijalia". Nikachoka.

Usiku mmoja nikakutana na tangazo. Viungo 3,000, dola 15, kazi inakamilika kwa siku kumi na utaletewa ripoti. Nikalipa. Ripoti ikaja kweli, jedwali refu lenye mistari 3,000. Nilifungua kama kumi hivi. Kimoja kilikuwa kwenye maoni chini ya makala ya fundi wa mabomba ya choo huko Poland. Kingine kilikuwa kwenye ukurasa wa kamari, kingine kwenye ukurasa unaouza vidonge vya kuongeza nguvu za kiume, na jina la shangazi yangu, mzee wa kanisa, likiwa katikati ya vidonge. Nilicheka peke yangu, nikafunga tarakilishi, nikalala.

Hapa ningependa kuwaambia kwamba viungo vile havikufanya kazi hata siku moja. Ingekuwa rahisi kwangu. Lakini Aprili tovuti ilianza kupanda. Ukurasa wa pili, kisha wa kwanza nafasi ya saba, na Mei ikawa ya tatu. Simu ikalia! Watu wa Molo, Nyahururu, hata Kericho. Shangazi alikuwa akiniombea mezani. Juni akaenda kwenye sacco yao, akachukua mkopo wa shilingi 120,000 wa kurudisha kwa miezi 18, akanunua mashine ya mayai 1,056. Wadhamini wake walikuwa watatu: jirani, rafiki yake wa kanisani, na wifi yake, ambaye ni mama yangu. Kila mmoja alidhamini 40,000.

Mimi nilijua tovuti ilikuwa imesimama juu ya nini. Sikusema kitu.

Niwaeleze kitu kingine ambacho kinanifanya nisiwe na kisingizio. Mwaka 2016, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilikuwa nakula kwa kuandika makala za kulipwa kwa ajili ya watu wa ng'ambo. Mtu anataka maneno 500 kuhusu magodoro, au kuhusu wakili wa ajali za barabarani kule Florida, maneno fulani yajirudie mara tatu, na katikati kuwe na kiungo kimoja cha tovuti fulani. Wanafunzi wengi wa Kenya wamelipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo, na simcheki mtu. Sijawahi kulalia hata mojawapo ya yale magodoro. Makala zilikuwa zikienda kwenye tovuti ambazo kazi yake ni kubeba viungo tu, hakuna binadamu anayezisoma. Kwa hiyo nilipokuja kununua viungo mwaka 2022, nilikuwa nanunua mkate uliookwa jikoni mle mle nilimowahi kufanya kazi. Nilijua kilichomo ndani.

Agosti, ujumbe ukaingia kwenye Search Console, ile huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake. Viungo visivyo vya kawaida vinavyoelekea kwenye tovuti yako. Hii si mashine peke yake. Ni mfanyakazi wa Google aliyeangalia na kutoa adhabu. Jumatatu tulikuwa nafasi ya tatu. Ijumaa nilitafuta kurasa kumi nzima, hatupo.

Mimi si wa kwanza kunaswa, wala si mkubwa kuliko wote. Februari 2011 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi kuhusu duka kubwa la Marekani, JC Penney. Kwa miezi mingi ukitafuta magauni, matandiko au mazulia, JC Penney ndiyo ya kwanza. Gazeti likagundua maelfu ya viungo vilivyowekwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo wala matandiko. Kampuni ilisema haikuviidhinisha, ikaachana na wakala wake wa SEO. Google ilipochukua hatua, kwa utafutaji wa begi za Samsonite za kubeba ndani ya ndege JC Penney ilianguka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 katika muda wa saa mbili. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 2012, Google ikatoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyolenga hasa mchezo huo, na kwa maelezo yao yaligusa kama asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Tovuti nyingi zilizojengwa kwa wingi wa viungo zililala zikiwa juu zikaamka hazipo. Septemba 2016 Penguin ikawa sehemu ya mfumo wenyewe, inafanya kazi muda wote, na badala ya kuiadhibu tovuti yote, kwa kawaida huvipuuza tu viungo vya takataka. Tangu Desemba 2022 mfumo wao mwingine, SpamBrain, unatambua hata tovuti zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuza viungo. Kwa hiyo ukinunua 3,000 leo, huenda hutaadhibiwa. Huenda usipate chochote kabisa, hata ile miezi mitatu ya uongo niliyoipata mimi.

Adhabu ya namna ile huondolewa kwa kutuma ombi la kuangaliwa upya, na ndani yake unaeleza ulifanya nini na umerekebisha nini. Ombi langu la kwanza nililiandika kwamba kuna "mtu fulani" aliyeweka viungo bila sisi kujua. Ndiyo, niliidanganya hata Google. Tena sikuwa nimeondoa kitu chochote. Likakataliwa, na nilistahili.

Basi nikakaa chini. Vile viungo 3,000 vilitoka kwenye vikoa 412. Nikatafuta anwani za barua pepe, nikaandikia kila mwenye anwani nikiomba kiungo kiondolewe. Walijibu tisa. Wawili kati yao walitaka nilipe ili waviondoe! Waliobaki nikawaandika kwenye faili ya kuvikana viungo, ambayo ni faili ya maandishi ya kawaida, kila mstari una neno domain, nukta mbili, halafu jina la kikoa. Google inaipokea na kuviacha viungo hivyo nje ya hesabu. Ombi la pili nikaandika ukweli wote: nani alilipa, alilipa kiasi gani, lini. Niliungama kwa mtu nisiyemjua huko California kabla sijamwambia shangazi yangu aliyeko mwendo wa saa tatu. Baada ya wiki mbili hivi adhabu ikaondolewa.

Nikangoja tovuti irudi nafasi ya tatu. Haikurudi. Na ukifikiri, ingerudije? Nafasi ya tatu ilikuwa ya vile viungo, na viungo nimevikana. Tukarudi ukurasa wa tatu.

Oktoba mama akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sacco imenitumia ujumbe. Shangazi yako hajamaliza marejesho ya mwezi uliopita. Wanasema sisi wadhamini tujue." Marejesho yalikuwa shilingi 7,300 kwa mwezi. Mashine ya mayai 1,056 ilikuwa na mayai 300 tu, stima inakula vilevile. Sikulala. Jumamosi nikapanda matatu ya Nakuru.

Nilimkuta kwenye chumba cha mashine. Nikaanza kueleza kwa maneno marefu, akanikatiza.

"Sema kwa Kiswahili cha watu."

"Shangazi, wale wateja wa Aprili hawakuja hivi hivi. Nililipa."

"Uliwalipa waje kununua kwangu?"

"La. Nililipa watu waseme kwamba tunajulikana."

"Watu gani?"

"Siwajui."

"Wao wanakujua?"

"Hapana."

Akanyamaza, akasoma kipimajoto, akaandika kwenye daftari lake. Halafu akasema, bila hata kugeuka, "Kwa hiyo uliniletea wadhamini elfu tatu wasio na akiba."

Nilidhani amemaliza. Alikuwa ndiyo anaanza. Sacco haiangalii mdomo wa mdhamini, akasema, inaangalia akiba yake. Mtu asiye na akiba anaweza kuja na ndugu zake mia wakatia sahihi, karani atawarudishia karatasi. Na hata mwenye akiba, akishawadhamini watu kumi, wewe wa kumi na moja unapata nini kwake? Makombo. Na mdhamini wa kweli anaumia ukiharibu. "Mama yako ameweka elfu arobaini. Hawa wako waliweka nini?"

Nilibaki nimesimama. Mimi nilikaa muhula mzima nikisoma jambo hili kwa matriki, na shangazi wangu wa darasa la saba amelieleza akiwa ameshika kitambaa cha kufutia mayai.

Kwa sababu hebu tazameni. Kanuni ya PageRank ambayo Larry Page na Sergey Brin waliichapisha mwaka 1998, wakiwa wanafunzi Stanford, ni hiyo hiyo ya sacco. Waliichukua kutoka kwa wasomi: kazi ya utafiti inayotajwa na tafiti nyingine nyingi ina uzito, na ikitajwa na utafiti wenye uzito, inapata uzito zaidi. Kila ukurasa una alama. Asilimia 85 ya alama hizo hugawanywa sawasawa kwa viungo vyote vinavyotoka kwenye ukurasa huo. Ukurasa ambao hakuna mtu yeyote anayeuelekezea kiungo una alama 0.15 tu za kuanzia.

Usiku ule, kwenye kochi la shangazi, nilipiga hesabu ambayo ningeipiga Machi kabla ya kutoa dola 15. Tuseme kuna ukurasa mmoja unaoheshimiwa, una alama 6, na una viungo 3 tu vinavyotoka. Asilimia 85 ya 6 ni 5.1. Gawa kwa 3, kila kiungo kinabeba 1.7. Sasa chukua ukurasa wa takataka, alama 0.15, una viungo 300 (ile ya kamari ilikuwa na zaidi). Asilimia 85 ya 0.15 ni 0.1275. Gawa kwa 300, kila kiungo kinabeba 0.000425. Zidisha kwa 3,000. Unapata 1.275.

Kiungo kimoja, 1.7. Viungo elfu tatu, 1.275. Na hiyo ni kanuni ya mwaka 1998 ikiwa tupu, kabla Google haijaanza kumsaka mtu yeyote! Kanuni wanayotumia leo imebadilika sana na ina vipimo vingine vingi, lakini msingi huu ulikuwepo siku ya kwanza, kwenye makala niliyoisoma na kuifanyia mtihani. Wauza viungo wanaujua pia, ndiyo maana huziunganisha kurasa zao zenyewe kwa zenyewe ili alama zipande kidogo. Ni kama watu kumi wasio na akiba kudhaminiana kwa mzunguko. Inaweza kumpumbaza karani mmoja kwa muda.

Jambo jingine lililotuumbua ni maneno yenyewe ya viungo. Katika 3,000, kama 1,900 vilikuwa na maneno yale yale: nunua vifaranga nakuru. Binadamu hawasemi hivyo. Mtu akikutaja kwa hiari yake husema "tazama hapa", au "yule mama wa Njoro", au anabandika anwani nzima bila hata kuipamba. Mara 1,900 maneno yale yale, hata mtoto angejua ni kiitikio cha kukodiwa.

Nililipa marejesho ya miezi mitatu kutoka kwenye mshahara wangu. Hilo halikuhitaji majadiliano.

Kilichofuata hakikutoka kwangu, kilitoka kwenye lile daftari. Mchana wa Jumapili niliomba kuliona. Kumbe ni madaftari manne, tangu 2009. Kila awamu ya siku 21 ameandika: mayai mangapi, ya kuku gani, joto (anashikilia nyuzi 37.5), siku aliyoacha kuyageuza (ya 18, daima), na vifaranga wangapi walianguliwa. Na kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye kitabu chochote: stima ilipotea siku ya ngapi, kwa saa ngapi, alifanya nini, na matokeo yakawaje. Awamu moja ya mayai 96, stima ilipotea saa nne siku ya 12, akafunika mashine kwa blanketi, akapata vifaranga 71. Nyingine stima ilipotea siku ya 19, akafunika vilevile, akapoteza wengi, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "wakubwa wana joto lao, usifunike sana". Ni kweli kabisa, kifaranga ndani ya yai akikaribia kutoka hutengeneza joto lake mwenyewe, na anahitaji hewa. Yeye alilijua kwa kulipia.

Desemba yote nilichapa. Awamu 163. Nikaweka jedwali lote kwenye tovuti, pamoja na hasara zote. Nilimuuliza kama tuzifiche awamu mbaya. Akaniuliza kama bado sijajifunza.

Februari 2023 kiungo kimoja kikaonekana kwenye Search Console. Mwalimu wa ufugaji katika chuo kimoja aliweka jedwali lile kwenye ukurasa wa masomo ya wanafunzi wake, kati ya viungo vingine vinne. Hatumjui, hakutuuliza, na hakutaja vifaranga wa Nakuru hata mara moja. Kisha wafugaji wa Tanzania wakalitaja kwenye tovuti yao. Kisha fundi mmoja anayewaelekeza watu kutengeneza mashine za kutotolesha nyumbani. Mpaka mwisho wa 2023 vilikuwa viungo saba kutoka tovuti saba. Saba! Na tovuti ilikuwa nafasi ya nne, imekaa, haitikisiki.

Sisemi idadi haina maana kabisa. Saba ni bora kuliko kimoja, mradi wawe watu saba tofauti. Viungo hamsini kutoka tovuti moja ni kama mume na mke na watoto wao wote kudhamini kwa akiba moja. Wala msidanganywe kwamba kile kiungo cha mwalimu kilikuwa na nguvu kwa sababu anwani inaishia na .ac.ke. Google wamesema mara nyingi kwamba mwisho wa anwani pekee haukupi kitu. Kilikuwa na nguvu kwa sababu ukurasa ule unaelekezewa na kurasa nyingine, unazungumzia kuku, na unasomwa. Kiungo cha mwalimu kilileta watu 40 mwezi wa kwanza, na kati yao kuna walionunua. Viungo 3,000 vilileta, nimeangalia kumbukumbu za seva, watu wawili. Mmoja nadhani nilikuwa mimi.

Januari 2024 shangazi alimaliza mkopo kwa tarehe iliyopangwa. Sacco ikawatumia wadhamini ujumbe kwamba wameachiliwa. Mama alinisomea ujumbe huo kwenye simu, wote, hadi namba ya kumbukumbu mwishoni.

Siku hizi barua pepe zinakuja upande wa pili: watu wanataka kununua kiungo kwenye tovuti ya shangazi. Wa kamari niliwafuta bila kumwambia. Lakini wiki iliyopita muuza chakula cha kuku wa mjini, mtu anayemfahamu, aliomba kiungo na kuahidi kulipa. Nilimweleza shangazi kwamba kiungo cha kulipiwa lazima nikiwekee alama, rel="sponsored", ili Google isikihesabu kama udhamini, na kwamba asipopokea pesa, akiamua tu mwenyewe, haina haja ya alama. Akasema pesa aachiwe mwenyewe. Amenunua magunia mawili ya chakula hicho kwa pesa zake, ametenga vifaranga 50 upande mmoja na 50 upande wa pili wakila chakula chao cha kawaida, na anawapima kila Jumamosi kwa mzani wa jikoni. Leo ni wiki ya tatu. Ameniambia nisiguse chochote kwenye tovuti mpaka ya sita.